Barua ya Kusemwa kwa Mdomo

Ile simu niliichukia tangu siku ya kwanza, na siombi mtu msamaha.

Nilijiunga na ngumbaru, darasa la watu wazima, hapa Mwala, katika ukumbi wa kanisa, kwa sababu ya barua moja tu. Mume wa binti yangu alikuwa anampiga, na chifu aliniambia bila maandishi hawezi kumwita mtu ofisini. Sasa ningemwomba nani aniandikie? Sisi Wakamba tuna nthoni. Mama hamtaji mkwe wake ovyo, sembuse kumwanika mbele za watu. Lakini kalamu unaishika huku umefunga mdomo. Hiyo ndiyo iliyonitoa shambani na haya magoti yangu mabovu.

Nilikuwa nimefika nusu ya ukurasa, herufi zimepinda lakini ni zangu, mwalimu wetu akaja na simu yake. Msichana wa juzi tu, kucha ndefu.

"Wacha kujitesa. Kiswahili cha kuongea uko nacho, ni kuandika ndiyo shida. Wewe ongea, itaandika yenyewe."

"Mimi nataka kalamu."

"Kalamu ni mambo ya zamani, shosho."

Shosho! Nilimzaa lini mamake? Akalichukua daftari langu akaliweka mezani kwake. Eti ningerudishiwa nikishasema sentensi mbili. Wenzangu kumi na mmoja wakageuza viti kunitazama, na wengine wao huuza sokoni bega kwa bega na mkwe wangu. Nilitamani kumtwanga na hiyo simu yake.

Lakini asubuhi hiyo binti yangu alikuwa amenipigia akinong'ona, na kesho yake chifu alikuwa anaenda likizo. Nikasema potelea mbali. Nikaisogeza ile simu mdomoni.

"Mume wa binti yangu anampiga mpaka anazimia. Naomba umtoe huko kabla hajauawa."

Maneno yakajipanga kwenye kioo. Mwalimu akayasoma kwa sauti kubwa, moja moja, akitafuta kosa. Hakulipata. Uso wake ukachangamka.

"Mmeona? Hata kosa moja hakuna! Haya, mpigieni makofi ya kilo!"

Wakanipigia, wote kumi na mmoja.