Mume Wangu Anaandika Kwenye Majarida ya Udaktari, Mimi Nakufa kwa Wivu

Wapendwa, nina miaka 36, mama wa watoto wawili, daktari katika hospitali moja hapa Tunduma. Admin, nifichie jina, maana mume wangu anapitia ukurasa huu.

Mimi na Baba Atu tulisoma udaktari darasa moja. Kwenye upasuaji nilimshinda, na mwenyewe hakatai. Tulipooana tukapanga atangulie yeye kusomea ubingwa, mimi nibaki na watoto, akimaliza niende mimi. Akawa daktari bingwa wa upasuaji. Kisha akavutwa na utafiti wa kinga ya mwili, kwa nini mwili hukataa kiungo kilichopandikizwa, akaenda nje kuusomea.

Sasa makala zake zinatoka kwenye majarida makubwa, mara ya upasuaji, mara ya kinga. Kila ikitoka ananitumia. Naisoma nikiwa zamu, nimetoka kumshona dereva wa lori aliyeumia huku mpakani, na roho inaniuma hasa. Namjibu, "Hongera mume wangu," halafu naenda kunawa uso.

Alipokuja likizo tukaenda kwao Hasamba. Kanisani wakamsimamisha, watu wakampigia makofi. Mama mkwe akanishika mkono, "Mwanangu, Mungu amekupa mume." Dada yangu, tuliyekwenda naye, aliiona sura yangu, akanivuta pembeni. "Ana mwanamke huko?"

"Hana. Angekuwa naye ningejua pa kuanzia ugomvi."

Wiki ileile nilikuwa nimepata nafasi chuoni ya kusomea ubingwa wa upasuaji. Nilitaka nimwambie tukiwa wawili. Kabla sijafungua mdomo, yeye akaanza kwa furaha, "Mama Atu, wameniongezea miaka mitatu ya utafiti. Vumilia kidogo, halafu zamu yako."

"Na nikikataa?"

Akacheka, akadhani natania. "Bila wewe nisingefika. Makala ijayo nitakuweka kwenye shukrani."

Nafasi yangu sikuitaja. Ameshaondoka na hajui kitu.

Chuo kinataka jibu langu Ijumaa. Nikienda, itabidi arudi kulea watoto, na ukoo mzima utasema nimemrudisha nyuma. Nikibaki, naogopa nitamchukia baba wa watoto wangu, na bado nampenda. Mie sitaki kushukuriwa, nataka na mimi nisome. Nyie mngekuwa mimi, Ijumaa mngejibu nini?