Kitunga Yenye Kulowana

Masomo yangu iliishia mu mwaka wa ine wa primaire, na sionaki haya kuisema, juu watu wengi wenye diplome mu Bunia wanapangaka mu nyumba zangu. Nilifika hapa kijana, kutoka Butembo, nikaanza kupandisha samaki ya chumvi toka Kasenyi kule ku ziwa, kwanza ku kinga ya kukanyaga na miguu, kisha ku pikipiki, leo ku camion yangu mwenyewe. Hakuna mutu alinishika mukono. Basket vilevile nilijifundisha mwenyewe, mukubwa tayari, ku kiwanja ya simenti ya paroisse, pale karibu na kwangu mu mutaa wa Rwambuzi. Na ile ekipi ya wazee yenye iko pale sasa, niliianzisha mimi. Maillot mimi, mupira mimi, maji ya kunywa mimi. Kwa hiyo nilikuwa prezida, nilikuwa kapiteni, na nilikuwa mufungaji mukubwa, na sikuona ubaya mu hiyo.

Tunachezaka kila siku ya posho, yenye wengine wanaitaka Jumamosi, jua ikianza kupungua. Watu wanakuja kutazama, wanawake wa soko yangu vilevile.

Kisha tukaanza kupoteza. Hata wale wenye tulikuwa tunawapiga tukicheka, sasa walikuwa wanatupiga. Binti yangu wa pili, mwenye anasoma hesabu ku université, alitutazama mara moja akaniuliza njiani:

"Papa, unataka nikupimie ekipi?"

"Upime nini? Pointi iko ku tableau, imeandikwa."

"Pointi inasema nani alishinda. Haisemi ilitoka wapi."

Nikamuacha. Akakuwa anakuja na telefone yake, anaandika nani ameingia, nani ametoka, kila mupira yetu iliishia wapi, ni nani aliimaliza. Wakati ekipi ilikuwa inapumzika, yeye alikuwa bado anaandika. Siku moja akanielezea. Kila muchezaji, unaangalia tu ile wakati iko mu kiwanja: siye tumefunga ngapi, wale wengine wamefunga ngapi. Unatosha, ni kusema unapunguza, zao mu zetu. Kama kitu inabaki, iko plus. Kama inapungua, iko moins. Hata kama yeye mwenyewe hakugusa mupira.

Nilielewa mbele hajamaliza. Kule Kasenyi wanakuuzia samaki ndani ya kitunga ya kusuka, na kitunga inapanda ku mizani pamoja na samaki. Muuzaji mujanja analowanisha kitunga mu ziwa, inakunywa maji, inakuwa nzito. Unalipa. Unapanda mulima, jua inapiga, na ukifika Bunia kilo zako zimebaki njiani. Mimi hawaniwezi. Ninaomba kitunga itupu, ninaipima kwanza, kisha njo tunaongea bei. Kule chini wananijua kwa hiyo.

"Ni ile ile," nilimwambia. "Unatosha kitunga, unabaki na samaki."

Alicheka. "Papa, professeur alitumia siku mingi kutuelezea hii."

Hiyo neno yake niliitembeza mu soko yote.

Posho yenye ilifuata nikakusanya ekipi. Ninasema wazi nilikuwa natafuta nani: pasta, mwenye anachezaka na siye. Iko mutu wa mwili mukubwa, anatembea polepole, na haja ya kufunga panier hana kabisa. Ukimupatia mupira, anauangalia kama mutoto wa mutu mwingine, anakurudishia. Nilitaka atoke, na sikutaka kumutosha kwa mudomo wangu, juu mutu wa Mungu ni mutu wa Mungu. Hesabu ingemutosha.

"Ndugu zangu," nilisema, "kati yetu kuko samaki na kuko kitunga yenye kulowana. Binti yangu amepima. Mwenye atapatikana kitunga, match yenye inakuja na ekipi ya Mahagi ataikalia ku banc. Hata akuwe nani."

Fundi wa pikipiki, mwenye anachezaka kando yangu na mwenye mudomo haufungi, aliuliza: "Hata prezida?"

"Hata prezida."

Wote walicheka, na mimi pamoja nao. Pasta alikuwa anafunga kamba ya kiatu. Alisema tu, "Amina."

Match ya Mahagi haikuwa match ya bule. Wale wanakuja na camion nzima ya watu na ngoma, na mu Bunia mutu akikosa kuiona, anaongopa kama aliiona. Kuvaa maillot siku ile na kutoingia, afazali ubaki nyumbani.

Magaribi ya siku ile, ku nyumba, binti yangu akaniwekea telefone mbele. Juu kabisa, pasta. Nikashuka na kidole mupaka mwisho, nikajikuta.

"Geuza hii kitu," nilimwambia. "Umeishika kichwa chini."

"Iko sawa, papa."

"Mimi njo nafunga kupita wote."

"Na weye njo unatupa mupira ku panier kupita wote. Angalia. Mupira ikifika kwako haitoki tena. Tukigawanya pointi zako ku mipira yenye unakula, inabaki kidogo. Na ukikosa, unabaki kulekule unagombana na arbitre, mwenye filimbi. Wao wanakuja watano kutufunga, siye tunarudi wane kuzuia."

"Na pasta?"

"Pasta anasimamaka mahali mutu anataka kupita. Tableau haiandikaki hiyo."

"Hesabu yako inamupenda juu unaimba mu korali yake."

"Mimi niko mukatolika, papa. Weye njo ulinibatizisha."

Muke wangu alikuwa anasikia toka jikoni. "Muache mutoto. Ni weye ulisema hata akuwe nani."

Binti alishusha sauti. "Ninaweza kutoionyesha. Ninasema telefone iliharibika."

Nilifikiri kidogo, siongopi. Lakini bei yenye nimetaja ku ziwa haibadilikaki nikifika juu ya mulima, na biashara yangu yote inasimama pale. Nikamwambia aionyeshe.

Aliionyesha. Fundi alisoma mupaka chini, polepole, kama anasoma injili. "Basket kwa Kiswahili si njo kitunga?" alisema. "Basi prezida njo mwenye mupira. Kitunga, karibu ku banc." Jina ikabaki.

Siku ya Mahagi nilikaa na maillot yangu yenye kupigwa pasi. Mama mumoja wa soko alinipigia kelele toka ngambo: "Prezida, uko mugonjwa?" Nikamujibu niko muzima. "Sasa unakalia nini?"

Tulianza vizuri, kisha tukapunguka, na kiisha mapumziko Mahagi wakatuacha mbali. Pale fundi akakanyaga vibaya, mugulu ikapinduka. Ku banc tulikuwa tumebaki wawili, mimi na muzee mwingine mwenye magoti inamukatala. Pasta alikuja mupaka mbele yangu, jasho inamutiririka.

"Ingia, prezida. Lakini rudi."

Neno moja tu. Nikaingia.

Mupira ya kwanza yenye nilipata, wale wa Mahagi waliniacha peke yangu, wananijua nitatupa. Mikono iliniwasha. Nikamupatia pasta, pasta akamupatia wa kando, ikaingia. Na mimi nikageuka, nikarudi. Tumbo yangu kubwa ilifika nyuma yangu, lakini ilifika. Pasta alinionyesha na kidole mahali pa kusimama, nikasimama. Mutu wao mumoja alikuja mbio akapiga mu kifua yangu, akaanguka kama gunia, na arbitre akatupatia mupira. Sikugombana na yule arbitre hata kidogo. Tukaanza kupanda. Nilikuwa naona simenti na maviatu, sikuwa tena naona tableau.

Tulipoteza kwa panier moja tu. Ngoma ya Mahagi ikalia. Mimi sikufunga kitu, mara ya kwanza tangu ekipi ianze.

"Papa, kuja uone," binti yangu alisema.

"Sitaki."

"Uone tu."

Nikaona. Jina yangu ilikuwa na plus, na hakuna mwingine mwenye alikuwa na kubwa kama yangu siku ile.

"Lakini tumepoteza," nilisema.

"Mulipotezea wakati weye haujaingia bado."

Nikachukua telefone nikaipelekea fundi, mwenye alikuwa ameweka mugulu mu beseni ya maji. "Soma hapa. Bila panier hata moja." Alisoma, akanirudishia. "Eeh. Kitunga imekauka kidogo."

Niliwaambia basi posho yenye inakuja nitaanza. Binti akakatala mbele ya wote: match moja haiko kipimo, inaomba mingi. Pasta alimuunga mukono, na mimi njo nilikuwa nimeweka hiyo sheria.

Kwa hiyo leo ninaingia wengine wakichoka, na banc nimeizoea. Ninaingia, ninapatia mwingine mupira, ninarudi. Plus yangu inapanda, binti yangu anaiandika. Wafungaji wako mingi mu Bunia. Mwenye kurudi, uliza tu Rwambuzi, watakuonyesha nyumba yangu.