Miwa Nyuma ya Darasa la Tatu

Shughuli nzima ilitugharimu mistari minane ya miwa, kufuli mbili, filimbi moja na itiko la binti yangu. Miwa iliota tena. Kufuli zilishika kutu, filimbi ikapotea kama filimbi zote za shule. Hilo la mwisho nalidai mpaka leo, ila sijui nimdai nani.

Ilikuwa enzi ile miwa ilikuwa mali huku Kakamega. Mtu akilipwa na kiwanda cha sukari, kijiji kizima kilijua kabla ya mke wake. Mimi nilikuwa nauza sufuria sokoni Lurambi, na siku ya malipo niliijua kwa jinsi wanaume walivyoacha kuuliza bei. Kama mimi nilijua, majambazi nao walijua. Wiki hiyo ndiyo wazazi walipelekanga karo shuleni, ikalala kwenye sanduku ofisini kwa mwalimu mkuu. Kisha habari ikafika kwamba shule moja, mbali na kwetu, imevamiwa mchana kweupe na watu wenye bunduki. Watoto walilala chini ya madawati huku risasi zikitoboa mlango.

Mwalimu mkuu akaita wazazi. Nilikaa mbele, maana anayekaa nyuma huletewa maamuzi kama chai iliyopoa. Tukakubaliana karo isilale tena shuleni, geti lifungwe kwa kufuli mbili na funguo zishikwe na watu wawili wasiopendana sana, na mwalimu wa zamu awe na filimbi. Mpaka hapo sikuwa na neno. Ndipo nikauliza habari ya miwa.

Shamba la mwenyekiti wa kamati ya shule lilifika hadi ukuta wa darasa la tatu, darasa la binti yangu. Ukifungua dirisha, majani yanaingia kusoma. Jeshi zima lingefika pale bila kuonekana.

"Mwenyekiti, tukatie mistari ishirini, tuone nani anakuja."

"Ishirini? Shemeji, unanunua shamba ama?" Aliniita shemeji kwa kuwa alioa kwetu. "Hiyo miwa haijaiva. Nikiikata saa hii, kiwanda hakitaichukua."

"Kumi na mitano, basi."

"Hata mmoja! Tena hiyo miwa ndiyo itaokoa watoto. Filimbi ikilia, wanaruka dirisha, wanaingia humo. Nani atawaona?"

Wazazi wakapiga makofi. Mimi nikashuku. Hata mwenye kukuuzia sufuria yenye tundu atakuambia inafaa kuchujia.

"Huyu mama anashukunga hata mvua!" mtu akasema huko nyuma, wakacheka.

Siku ya zoezi nilimwachia jirani sufuria zangu nikaenda kujionea. Mwalimu wa darasa aliwapanga watoto akawaonya: "Mkishaingia, chuchumaeni, nyamazeni. Hata ukisikia mamako anakuita, usiitike. Jambazi anaweza kumshika amlazimishe kukuita. Mtatoka filimbi ikilia mara tatu, si mbili, si nne." Katika mipango yote ya miwa, huo tu sikuubishia bei.

Filimbi ikalia. Watoto wakaruka madirishani kama panzi, miwa ikawameza. Mwenyekiti akanitazama kama mtu aliyeshinda kesi. Ilipopulizwa tena ya kuwatoa, trekta ya kiwanda ilikuwa inapita barabarani na matrela yake, kelele tupu, milio haikuhesabika. Wakatoka hivyo hivyo, mmoja akimfuata mwenzake, wengine wakitafuna miwa. Tabasamu la mwenyekiti likapungua.

Nikawahesabu. Nikawahesabu tena, kwani hesabu ya kwanza ni ya kujifurahisha. Mmoja amepungua. Sikuuliza ni nani.

Mwalimu aliingiwa na hofu, akawa anapuliza mfululizo bila kituo. Mimi nikaingia kwenye miwa, majani yakinichana mikono, nikimwita jina. Mtoto ambaye sikuwahi kumwita mara mbili. Kwetu mtoto akiitwa huitika kabla hajajua anaitiwa nini. Nikaita. Kimya.

Nikafika mahali ambapo miwa ilikuwa imelazwa chini. Majani makavu yametandikwa kama godoro. Maganda ya miwa, bado mabichi. Tupa ya kunolea panga. Nikapiga magoti palepale, na kati ya mashina nikauona mlango wa ofisi ya mwalimu mkuu, wote, kama picha ukutani. Mtu alikuwa amekaa hapo akitutazama. Maficho tuliyowachagulia watoto yalikuwa na mwenyewe.

Nikaita tena kwa sauti nisiyoijua. Kisha nikageuka. Alikuwa hatua chache tu nyuma yangu, amejikunyata, viganja viwili mdomoni. Aliniona muda wote.

"Mama," akanong'ona, "nani amekushika?"

Nilimtoa, nikarudi na mwenyekiti hadi pale. Akaisukuma tupa kwa kiatu.

"Huyu ni mkata miwa tu, shemeji. Amekuja kupumzika."

"Miwa haijaiva, si ulisema? Amekuja kukata nini?"

Akatazama mlango wa ofisi kupitia yale mashina. Akautazama sana.

"Mistari mitano," akasema.

"Kumi."

Ikakatwa minane, jioni hiyohiyo, yeye mwenyewe akishika panga. Aliyelala pale hatukumjua kamwe. Shule haikuvamiwa, wala sijui kama ni kwa sababu ya mistari ile au hakukuwa na mwenye nia. Kwa mwaka mzima kila mwanamume aliyenunua sufuria kwangu nilimtazama viganja kwanza.

Binti yangu sasa ni mama wa watu. Nikifika kwake nikabisha hodi na kumwita jina, kwanza ni kimya. Pazia linasogea kidogo. Anahakikisha niko peke yangu, ndipo anaitika. Juzi mjukuu wangu naye, nilipomwita, alinyamaza akachungulia vilevile.

Wewe uliyelea watoto ukawakuza, nishauri: mtoto uliyemfundisha kunyamaza ili aishi, unamfundishaje tena kuitika?