Namba ya Marehemu

Wifi yangu ana kichwa kigumu, na simsengenyi; mwenyewe anajijua. Kaka yangu alipofariki, kila mtu alidhani karakana yake ya makochi itafungwa. Wifi akaacha kazi ya mshahara ya kufua mashuka hospitalini, akaingia karakanani, akashika nyundo. Wateja wakabaki.

Kibao chenye jina la kaka hakukishusha. Simu ya kaka nayo aliiacha rafuni, juu ya kopo la gundi, ina chaji saa zote. Wateja waliendelea kulipia kwenye namba ileile, na jina la marehemu likawa linatokea kwenye simu zao. Kisha simu ya rafuni inalia, na wifi, misumari imemjaa mdomoni, anaitikia kwa kichwa kama aliyeambiwa neno. Mteja mmoja alitoka mbio akisema amemlipa maiti na maiti amepokea. Tulicheka sana, ila hakurudi tena.

"Wifi, si uhamishie kwenye namba yako?" nilimwambia mara chungu nzima.

"Nikiizima hii, humu ndani nitabaki na nani?"

Basi mwenye nyumba, bibi mmoja mwenye maumivu ya miguu, akatangaza kuuza. Nyumba ni ya vyumba vinne, karakana iko uani, na humo ndimo kaka alimoanguka, mkasi mkononi. Mnunuzi mmoja alishakuja kupima kiwanja, akasema bila haya kwamba atabomoa kila kitu. Wifi akakata shauri: atainunua yeye kwa mkopo wa benki. Vyumba atapangisha, kodi isaidie marejesho, karakana ibaki.

Nilimsindikiza benki. Afisa mikopo, kijana mwenye adabu zake, alizipitia karatasi za malipo ya simu tulizompelekea.

"Mama, biashara inakwenda vizuri, na kodi ya vyumba tutaihesabu. Ila pesa hizi ni za baba."

"Ni zangu. Nimezitafuta kwa mikono hii."

"Zimeingia kwake. Kwetu sisi, tangu uache kazi huna kipato. Mwambie baba aje asaini."

"Alishafariki."

Kijana aliutoa mkono wake haraka juu ya zile karatasi. Halafu akaeleza kwamba aliyejiajiri karibuni lazima benki imwone anasimama mwenyewe, kwa jina lake, angalau mwaka mzima. Kisha arudi.

Nje, wifi aliketi kwenye ngazi za benki, mkoba magotini. "Kumbe aliyekufa ni mimi," alisema. Niliogopa jinsi alivyolisema, bila chozi. Nikamshika mkono tukaenda moja kwa moja kwa yule bibi. Wifi alimwomba mpaka sauti ikamkauka. Bibi akampa mwaka, na akaapa kwamba hataongeza hata siku.

Alikwenda peke yake kwenye duka la simu kuifunga ile laini. Kibao akakishusha, akapachika chenye jina lake. Mwaka ule alifanya kazi kama punda, lakini kilichomkondesha ni kimya. Mteja akilipa, simu ililia mfukoni mwake mwenyewe, naye bado aligeuka kutazama rafuni. Alinieleza kwamba asubuhi nyingine alifika akakuta harufu ya gundi mbichi, na yeye hakuwa ameigusa gundi. Sikumbishia. Na mimi niliisikia.

Mwaka ulipotimia, benki ikakubali. Alisaini, akapewa funguo, na wapangaji wawili wakaingia.

Wiki ileile, mteja wa zamani alilipia kwenye namba ya kaka kwa mazoea. Pesa zikaenda, na jina lililotokea lilikuwa la mtu tusiyemjua. Kampuni ya simu ilishampa mtu mwingine namba ile. Wifi akaipiga ili aziombe zirudishwe. Nilikuwa karibu yake, nikasikia sauti ya mwanamume, nzito kidogo.

"Haloo? Haloo, nani mwenzangu?"

Nilimpiga kikumbo aseme habari ya pesa. Akageukia ukutani.

"Ni mimi," alisema. "Nyumba tumeipata."

Kisha yule mtu, Mungu ambariki popote alipo, akajibu taratibu:

"Hongera, mama. Sasa pumzika."