Vijiti Sita vya Mwerebi wa Taiwan

Mimi, Thérèse wa Kalehe, naosha vioo vya nyumba ya mimea hapa Londoni tangu mwaka tisini na tatu. Shule sikukaa sana, lakini haya nimeyaandika kwa mkono wangu.

Ndani mle kulikuwa na mwerebi, mti wa kando ya maji, wa aina inayotoka kisiwa cha Taiwan. Hata kwao imebaki michache. Wetu ulikuwa dume, peke yake, jike hakuna. Kila asubuhi niliusalimu. Mume wangu amelala kaburini Bukavu. Binti yangu Miradie namsemesha Kiswahili, ananijibu Kiingereza.

Mwaka elfu mbili na mbili mizizi ikaoza. Wakubwa wakaamua ukatwe. Chumba cha miche nacho kilifungwa, kina ugonjwa ule ule. Elkana, Mkenya wa bustani, akakata vijiti sita vizima, akavifunga kwa gazeti lililolowa maji, akanipa.

"Mama, kesho nasafiri Kisii. Ndivyo vimebaki. Vitie kwenye maji leo hii."

"Wewe unanifundisha kupanda?"

"Nyinyi Wakongo mnajua muhogo tu," akacheka.

Neno lile likanikaa rohoni. Kwetu kijiti cha muhogo hakipandwi siku kilipokatwa. Unakilaza kivulini juma zima, utomvu ukauke. Basi nikavilaza nyuma ya kabati, katika fleti yangu ya Stratford. Jioni nikawa naviongelesha habari za shamba letu, maana nani mwingine angesikiliza. Siku ya nane nikavipanda kwenye ndoo, vimeinama kama inavyotakiwa.

Wiki tatu, kimya. Nikakwaruza ganda kwa ukucha. Vikavu vyote sita.

Elkana akarudi. Pale pa mwerebi wameshamwaga changarawe.

"Watoto wetu wako aje, mama?"

Ningesema ni baridi. Lakini uongo sikuzoea.

"Nimeviua mimi. Nilivikausha kama muhogo."

"Si nilikuambia maji?"

"Uliniambia."

"Na kuuliza hukuuliza."

"Nililima kabla mama yako hajaolewa."

Akashika toroli lake akaondoka. Nikamfuata hadi mlangoni, na goti hili linavyouma. Tangu nifike nchi hii sijamwomba mtu anifundishe kitu.

"Basi nionyeshe inavyofanywa."

Hakugeuka. "Nikuonyeshe na nini, mama?"

Nikarudi kwenye vioo vyangu.