Yule Aliyerudi

Dada yangu ndiye aliyenilea. Mama alipofariki nilikuwa darasa la nne, naye alikuwa ndiyo kwanza amemaliza la saba. Akaingia kwenye vibarua vya mashamba ya zabibu Makutupora, akanisomesha hadi nikafika chuo kikuu, kule Chimwaga.

Mwaka wa pili chuoni tulitakiwa kuandika juu ya ujasiri wa wahusika katika riwaya moja ya zamani. Likizo nikaenda nayo Makutupora, na kila Jumapili mchana, dada akichambua mlenda, mimi nilimsomea. Mle ndani mna kijana anayekataa kutoa ushahidi wa uongo dhidi ya jirani, akafungwa. Mna mama yake, anayempelekea chakula kila siku huku walinzi wakimtukana. Na mna kaka yake, ambaye aliogopa, akautoa ushahidi ule, kisha akatoroka. Baada ya miaka mingi anarudi, anasimama uani kwa mama yake majirani wote wakimtazama, anasema alichokifanya.

Tulipomaliza nikamuuliza dada nani alikuwa jasiri kuliko wenzake.

"Huyu aliyerudi," akasema.

Nilicheka. Nikamwambia huyo ndiye mwoga wa hadithi, hata mhadhiri wetu alishasema hivyo. Hakuudhika. Aliendelea na mboga yake, halafu akasema, "Kijana alikuwa na haki yake. Mama alikuwa na mwanawe. Huyu hakuwa na kitu ila aibu, na bado alikuja."

Sikuyaandika maneno hayo. Niliandika kurasa nne juu ya kijana wa gerezani, nikapata alama nzuri.

Baadaye nikaajiriwa kufundisha fasihi hapa mjini, nikapata mchumba. Ikafika sherehe ya kuniaga. Kwa desturi, aliyekulea ndiye hukaa nawe meza kuu na kukukabidhi kwa wakwe. Dada alikuja na gauni jipya la kitenge, amelishonesha kwa ajili ya siku hiyo. Mimi nikautazama ukumbi, nikawafikiria wakwe zangu, watu wa ofisini, nikaitazama mikono ya dada iliyopasuka kwa dawa za kunyunyizia zabibu. Nikamwambia kwamba mama mdogo, mdogo wake marehemu mama, ndiye atakayekaa mezani kwa kuwa amezoea kuzungumza mbele za watu, na kwamba yeye atatusaidia kusimamia chakula.

Alisema, "Sawa, mdogo wangu." Akavua gauni, akajifunga khanga, akaenda kwenye masufuria.

Hatukugombana. Nilipompigia simu alipokea, akauliza hali ya nyumbani, akaniombea heri. Ila hakuja tena kwangu Chang'ombe, hapa mjini, nami sikuenda kwake. Nilijua ninachotakiwa kufanya. Makutupora si mbali na mjini, lakini miaka minne ilipita nikisema wiki ijayo. Mara moja nilifika hadi kituo cha karibu na kwake. Nilishuka, nikanunua zabibu kwa wauzaji wa kando ya barabara, nikavuka, nikapanda gari la kurudi mjini.

Dada alianguka asubuhi akiwa shambani. Walisema ni presha. Shemeji, mumewe, aliponipigia, dada alikuwa ameshafariki.

Msibani walinipa nafasi ya kuzungumza kwa niaba ya familia, kwa kuwa mimi ni mwalimu. Nilizungumza vizuri. Nilisema alivyonilea, nikasema alikuwa mama kwangu, na watu walilia. Lile la meza kuu sikulisema. Hata siku hiyo, naye yuko ndani ya jeneza, nilishindwa.

Baada ya mazishi nilimfuata shemeji, nikamwambia yote: gauni, masufuria, na siku ile niliyofika nikageuza. Alinisikiliza akitazama chini.

"Siku ile alikuona, shemeji," akasema. "Alikuwa anavuna safu za karibu na barabara. Nikamwambia tukuite. Akasema, 'Muache, akiweza atakuja mwenyewe.' Jioni akapika chakula cha kuzidi."

Nilikwenda nyuma ya nyumba, nikakaa chini, nikalia hadi shangazi mmoja alipokuja kuninyanyua.

Nilibaki pale siku tatu. Siku ya kuondoka, binti mkubwa wa dada alinisindikiza kituoni, amenibebea mkoba. Njiani nikamwomba anisamehe kwa kutokuja miaka yote ile. Alinitazama kama asiyeelewa ninaomba nini.

"Mama alituambia una kazi nyingi, mama mdogo," akasema. "Alisema tusikulaumu."