Kufuli la Mama Randa

Ukitaka kumjua Mama Randa, usianzie nyumbani kwake. Anzia karakana, asubuhi, kabla mashine ya kupasulia mbao haijawashwa. Anayetaka kuiwasha hupaza sauti: "Vidole!" Hapo kila fundi huacha alichoshika, akanyanyua mikono juu. "Kumi!" wanajibu kwa pamoja. Kisha peke yake, kwa maringo, Fundi Kenda anamalizia: "Tisa, na vyote vyangu!" Wanacheka, ndipo swichi inabonyezwa.

Kenda ni tisa ya watu wa zamani. Jina hilo alilipata siku mashine ilipomla kidole cha kati, enzi za marehemu mume wa Mama Randa. Marehemu ndiye aliyeanzisha mwito huo, akaapa haitawashwa tena bila kuuitikia. Alipofariki kwa maradhi, alimwachia mkewe karakana, mashine na mwito. Watu wakasema mama wa watu atauza kila kitu kabla machozi hayajakauka. Yeye akajifunga kibwebwe, akamwomba Mungu, akashika randa, na akaishika vizuri mpaka jina lake la nyumbani likasahaulika.

Mama Randa hakuwa mtu wa kupinga usalama. Kanuni ya kuweka kikinga juu ya meno ya msumeno ilipotoka, alikinunua siku hiyohiyo, akasema laiti kingekuja mapema, Kenda angeitwa jina alilopewa na mama yake.

Tatizo ni kwamba kanuni hazikutulia. Vibao vya tahadhari vilikuwa vyeupe, vikatakiwa viwe vya njano. Vikapakwa. Rangi haijakauka vizuri, ukaja waraka mwingine: maneno matupu hayatoshi, viwe na picha. Vikachongwa vingine. Mafunzo ya huduma ya kwanza waliyokwisha kuyapata wakaambiwa si kitu, maana cheti kimebadilishwa. Karakana ikafungwa kutwa nzima, mafundi wakaenda kufungwa bendeji na mkufunzi yuleyule, kwa maneno yaleyale, hata kichekesho chake kilikuwa kilekile.

Na kwa kuwa Mama Randa hatupi mbao, vibao vilivyopitwa na wakati alivigeuza sakafu za droo na migongo ya makabati. Bibi arusi mmoja alirudi amekunja uso.

"Mama, kabati langu limeandikwa HATARI kwa ndani."

"Upande wa nani?"

"Wa mume wangu."

"Basi mwache asome."

Yule dada akaondoka anacheka, kabati hakulirudisha.

Ila waraka uliofuata haukuwa wa kuchekea. Kila karakana yenye msumeno wa umeme ilitakiwa iandike upya mpango wake wa usalama, kwa mtindo mpya, wakati ule wa zamani ulikuwa bado unanukia wino. Binti yake, aliyeolewa mtaa wa pili na ndiye anayemsaidia hesabu, alikuja na simu mkononi.

"Mama, nimempata mshauri. Bei yake hii hapa."

Mama Randa akavaa miwani, akatazama, akavua miwani. "Huyu anaandika karatasi au anajenga ghorofa?"

"Ndiyo bei zao wote. Kila kanuni ikibadilika, wao wanakula."

"Na sisi?"

"Sisi ndio chakula. Sasa nisikilize, mama, usinikatize. Mshauri tukimlipa, mshahara wa mtu mmoja haupo. Lazima mmoja apunguzwe. Mzee Kenda ameshachoka, hata mashine haigusi siku hizi, anapiga msasa tu…"

"Mwanangu, hii kanuni imewekwa kwa ajili ya nani?"

"Ya wafanyakazi."

"Kwa hiyo nimfukuze mfanyakazi ili nipate pesa za kumlinda?"

Binti akaizima simu. "Mimi nakuambia hesabu, mama. Sikuambii haki."

Nyuma ya kabati lisilo na milango, sauti ya msasa ilikuwa imekatika zamani. Jioni Kenda alikuja mlangoni na begi lake la zana begani.

"Shemeji, nimesikia. Niache niende tu, nisije nikawaponza wote."

"Rudisha begi."

"Shemeji, mimi mtu mzima, sitaki kubebwa…"

"Nimesema rudisha begi. Umewahi kuniona nikitupa hata kipande cha mbao?"

"Kwa hiyo mimi kipande cha mbao?"

"Kikavu, na chenye fundo. Rudisha."

Kenda akasimama pale kama mtu aliyesahau alikokuwa akienda. Kisha akalitundika begi kwenye msumari wake.

Binti alipousoma waraka mpaka chini, aliona kuwa mwenye karakana anaruhusiwa kuandika mpango kwa mkono wake, bila mshauri. Ila mpango wa namna hiyo hukaguliwa kwanza na ofisi ya usalama kazini, na mpaka urudi na muhuri, mashine isiwashwe. "Na tuna madawati ya shule, mama," alisema. "Ukiandika mwenyewe umejifunga mikono."

"Mikono ninayo. Lete kalamu."

Akaandika, kwa mwandiko wake wa darasa la saba, mviringo kama mayai. Mtungi wa kuzimia moto uko wapi, nani anajua kuutumia, vumbi la mbao linatolewa vipi. Palipoulizwa watu wanajulishwaje kabla ya kuwasha mashine, akaandika mwito wa marehemu, neno kwa neno, pamoja na jibu la Kenda.

Ofisini alipokewa na kijana mkaguzi, mpole, macho mekundu kwa uchovu. Meza yake haikuonekana kwa mafaili.

"Mama, ungetumia mshauri. Ukija na muhuri wake, unapita leo hii."

"Nimekuja na mpango, sikuja na mshauri. Utasoma lini?"

"Kusema kweli sijui. Hata sisi hii kanuni tumeletewa juzi. Na nasikia kuna marekebisho."

"Marekebisho ya hii hii?"

Kijana akakuna kichwa. "Nisikufiche, mama. Wengi hapa wanapunguza watu, wanalipa, yanaisha."

"Wewe pokea, baba. Mashine nitaizima. Mtu simpunguzi."

Akarudi karakana. Hakungoja waje kumfungia. Aliweka kiganja juu ya chuma cha mashine, akamwambia Mungu maneno mawili matatu ambayo hakuna aliyeyasikia, akachomoa waya, akapitisha mnyororo na kutia kufuli. Ufunguo akaufunga kwenye pindo la khanga.

"Teremsheni misumeno ya mkono," alisema.

Vijana wakatazamana. Walikuwa watu wa swichi. Msumeno wa mkono waliujua kwa kuupangusa vumbi. Ubao wa kwanza ulikatwa ukapinda kama njia ya ng'ombe. Kenda akauangalia, akauangalia tena, akasema, "Huyu atakayekalia dawati hili awe na mguu mmoja mrefu." Kisha akakunja mikono ya shati. Akawaonyesha jinsi ya kusimama, jinsi ya kuuacha msumeno ushuke kwa uzito wake, jinsi ya kupumua nao. Mzee wa msasa akageuka mwalimu, na karakana nzima ikawa inamngoja yeye.

Haikuwa mteremko. Mabega yaliwaka moto. Mwalimu mkuu alikuja, akaona kasi yao, na nusu ya madawati akayapeleka kwingine. Mama Randa alimwambia ukweli wote, hakumbembeleza. Binti alipiga hesabu akaguna. Mama yake akamwambia agune taratibu, watu wanapima mbao.

Mkaguzi alifika na lakiri yake ya kufungia mashine, akakuta mnyororo umetangulia. Akasimama katikati ya vumbi, akisikiliza misumeno ikikoroma.

"Mpango bado haujasomwa, mama. Nimetumwa kuhakikisha mashine imezimwa."

"Umeiona. Andika umekuta mashine imelala na watu wangu wote wako macho. Wote, baba. Uwahesabu."

Akawahesabu, akaandika. Kabla hajatoka akatoa bahasha mkobani, kwa aibu kidogo. "Na hii. Vibao. Vinatakiwa viwe vya kijani."

Misumeno ikasimama katikati ya mbao. Mama Randa akaupokea waraka kwa mikono miwili, akamshukuru, akamtakia safari njema. Kisha akapanda kwenye stuli, akabandua kibao cha njano ukutani, akakipima kwa futi.

"Shemeji," alimwita Kenda, "njoo ukate hapa. Nataka sakafu ya droo ya meza ya mwalimu mkuu. Hii itadumu kuliko kanuni zao."

Kenda akachukua msumeno. Mashine ilikuwa imefungwa, hapakuwa na wa kuonywa, lakini alisimama wima, akajaza kifua.

"Vidole!"

Mikono yote ikapanda.